Wajerumani na Mzaha wa Vita

Katika shule zetu nyingi mwalimu mwenye fimbo nyepesi hupewa jina la Hitler. Jina hilo hurithiwa: mwalimu akihamishwa hupewa kiranja wa bweni, na kiranja akimaliza masomo hupewa mpishi apakuaye posho kwa kijiko kidogo. Sisi tulicheka sana siku zetu, nanyi mwacheka leo, wala siandiki makala haya ili kuwakaripia. Naandika kwa sababu baadhi yenu mtakwenda Ujerumani kusoma, kama nilivyokwenda mimi, na wengine mtafanya kazi na Wajerumani hapa hapa Uganda. Tena vitabu vyetu vya historia hutueleza jinsi Vita Kuu ya Pili ilivyopiganwa na jinsi ilivyokwisha, lakini havitwambii jinsi watu walioianzisha, na watoto na wajukuu wao, wanavyoishi na habari hiyo. Njia moja ya kulijua jambo hilo ni kutazama wanacheka nini, na wakati gani wananyamaza.

Habari yenyewe mwaijua, basi nitaipita upesi. Hitler alishika serikali mwezi wa Januari 1933. Mwezi wa Septemba 1939 majeshi yake yaliingia Poland. Vita ilipokwisha katika Ulaya, Mei 1945, utawala wake ulikuwa umekwisha kuwaua Wayahudi karibu milioni 6, na pamoja nao mamilioni ya watu wengine: wafungwa wa vita wa Urusi ya Kisovieti, raia wa Poland, Waroma na Wasinti, na hata vilema na wagonjwa wa akili, ambao waliuawa hospitalini na madaktari wa nchi yao wenyewe. Wazee wetu waliochukuliwa katika jeshi la KAR walipigana mbali na huko, Uhabeshi na Burma. Kambi za mauaji hawakuziona. Nadhani ndiyo sababu jina la Hitler lilifika kwetu kama jina la zimwi, mtu mkali wa kutishia watoto, likiacha nyuma yake wale waliokufa.

Juu ya Wajerumani watu husema mambo mawili. La kwanza, ati hawajui kucheka. Hilo nalitupa, maana nimekaa nao. La pili, ati kumcheka Hitler kumekatazwa na sheria yao. Hilo nalo si kweli, lakini lina mzizi, na yafaa mwanafunzi aujue. Kifungu cha 86a cha sheria yao ya jinai chakataza kuonyesha hadharani alama za vyama vilivyopigwa marufuku, kama vile swastika na ile salamu ya kuinua mkono. Adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi miaka 3. Kifungu cha 130 chakataza kuchochea chuki, na tangu 1994 chataja waziwazi kosa la kukana mauaji ya Wayahudi. Hata hivyo sheria imeacha mlango kwa kazi za sanaa, kwa mafundisho na kwa habari za magazeti. Kwa hiyo mchezaji wa sinema aweza kuvaa nguo za Hitler na kuchekesha watu jioni nzima bila kuulizwa. Lakini msafiri ainuaye mkono barabarani ili apigwe picha ya kuwachekesha jamaa zake nyumbani ataitiwa polisi. Mwezi wa Agosti 1937 salamu hiyo ilikuwa wajibu. Mwezi wa Agosti 2017 watalii wawili kutoka China walipigana picha wakiinua mikono mbele ya jengo la Bunge mjini Berlin, wakakamatwa, wakaachiliwa kwa dhamana ya euro 500 kila mmoja.

Zamani ukali huu ulikuwa na vituko vyake. Mwaka huo huo wa 2017 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao Wolfenstein II, ambao shujaa wake hupigana na Wanazi. Katika toleo lililouzwa Ujerumani swastika ziliondolewa zote, na Hitler naye akanyolewa masharubu! Wajerumani wenyewe walicheka. Mwaka uliofuata utaratibu ulilegezwa, na tangu hapo kila mchezo hutazamwa peke yake.

Sheria hii yaeleweka vema zaidi tukikumbuka desturi ya majirani zetu wa Tanzania iitwayo utani. Mnyamwezi na Mzaramo hutupiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema patatokea ugomvi. Hata matangani mtani huja akawachekesha wafiwa, nao hawakasiriki. Wazee husema kwamba baadhi ya watani wa Wangoni ni watu waliopigana nao zamani. Vita ikafa, ikazaa utani. Lakini angalieni: utani una wenyewe. Haununuliwi sokoni, wala mtu hajitangazi mwenyewe kuwa mtani wa watu aliowaua jamaa zao. Mjerumani ajua, hata kama halisemi, kwamba yeye na Wayahudi hawajawa watani. Kwa hiyo akisikia kichekesho cha vita hutazama kwanza ni nani anayepigwa na kichekesho hicho. Kikimpiga Hitler na wakubwa wake, au kikimpiga Mjerumani mwenyewe kwa woga wake na utii wake, atacheka. Kikiwapiga waliokufa, meza yote hunyamaza.

Hili la nani anapigwa halikuanza baada ya vita. Wanazi walijua sana nguvu ya kicheko, nao wakakitumia. Gazeti la Julius Streicher, Der Stürmer, lililoanza 1923, lilijaa katuni za Wayahudi wenye pua kubwa na macho ya tamaa. Watu waliambiwa wacheke, na waliokwisha kucheka hawakuona ajabu jirani yao alipochukuliwa. Streicher alihukumiwa Nuremberg akanyongwa mwezi wa Oktoba 1946, ingawa hakuwa kiongozi wa jeshi wala wa kambi. Sisi wa nchi za Maziwa Makuu hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Redio RTLM ya Kigali ilipendwa na vijana kwa muziki wake na maneno yake ya kuchekesha kabla ya Aprili 1994, na maneno yale yale ndiyo yaliyowatuma watu kuua.

Upande wa pili kulikuwa na vichekesho vya kunong'ona. Tarehe 20 Desemba 1934 ilitungwa sheria ya kuwaadhibu watu wanenao vibaya juu ya serikali na chama. Basi watu wakajifunza kugeuza shingo kulia na kushoto kabla ya kusema neno. Kwa kuwa salamu ya kuinua mkono iliitwa rasmi Salamu ya Kijerumani, kule kugeuza shingo nako wakakuita Mtazamo wa Kijerumani. Mama mmoja mzee ambaye nilipanga chumba kwake Hamburg mwaka wa 1984 alinisimulia hayo jikoni. Hitler alikuwa amekufa miaka 39, wala nyumbani hapakuwa na mtu ila sisi wawili na paka. Lakini alipofika kwenye kichekesho chenyewe alishusha sauti akautazama mlango.

Mchekeshaji Werner Finck alikuwa na jukwaa dogo Berlin, likiitwa Die Katakombe. Wapelelezi walikaa kati ya watazamaji wakiandika maneno yake. Siku moja alimwuliza mmoja wao kama anamfuata vizuri, au ni yeye Finck atakayelazimika kumfuata. Mwaka wa 1935 jukwaa lilifungwa, na Finck akapelekwa kambi ya Esterwegen. Alitoka, akaishi mpaka baada ya vita. Wengine hawakutoka. Padre Joseph Müller wa kijiji cha Groß Düngen alisimulia habari ya askari aliyekuwa anakufa, akaomba awaone wale anaowafia; wakamwekea picha ya Hitler upande huu na ya Göring upande huu, naye akasema sasa anakufa kama Bwana Yesu, kati ya wezi wawili. Padre huyo alishitakiwa kwa kudhoofisha moyo wa vita, akakatwa kichwa tarehe 11 Septemba 1944.

Ukisoma habari kama hizo utadhani kila Mjerumani aliyenong'ona alikuwa mpinzani. Hapana! Baada ya 1945 wengi walipenda kusema hivyo: sisi tulikuwa tukimcheka, kwa hiyo hatukuwa naye. Lakini waandishi waliochungua mafaili ya mahakama, kama Rudolph Herzog aliyetoa kitabu juu ya vichekesho vya wakati huo mwaka 2006, wanaonyesha kwamba kichekesho kingi kilikuwa cha kupunguza uzito wa moyo tu. Mtu alicheka unene wa Göring na nishani zake, akamaliza bia yake, asubuhi akaenda kazini kutengeneza mizinga. Wala wengi wa walioshitakiwa hawakuuawa. Walionywa, au walitozwa faini, au walifungwa muda mfupi. Adhabu ya kifo ilikuja hasa vita ilipoanza kuwageukia, baada ya Stalingrad. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo gumu kuliko yote katika somo hili, maana lagusa watu wa kila nchi. Mwenye kumcheka mkubwa gizani huona amekwisha fanya ushujaa.

Baada ya vita palikuwa na kimya. Ujerumani ya Magharibi ilijenga nyumba na viwanda, na baba walipoulizwa walikuwa wapi walisimulia baridi ya Urusi na njaa ya kifungoni. Ujerumani ya Mashariki ilisema kwamba yenyewe ni nchi ya waliompinga Hitler, na kwamba deni ni la wale wa upande wa pili. Tena huko nako mtu aliweza kufungwa kwa kichekesho, juu ya wakubwa wapya. Kimya cha Magharibi kilivunjwa pole pole. Kesi ya walinzi wa Auschwitz iliyosikilizwa Frankfurt kuanzia 1963 hadi 1965 iliwalazimisha watu kusoma magazetini yaliyotendeka. Mwaka wa 1970 Waziri Mkuu Willy Brandt alipiga magoti mbele ya mnara wa Wayahudi mjini Warsaw. Mwaka wa 1979 filamu ya Kimarekani juu ya jamaa moja ya Kiyahudi ilionyeshwa katika televisheni siku kadhaa, na watu wengi wakapiga simu studio, wengine wakilia. Mimi nilikuwako tarehe 8 Mei 1985, Rais Richard von Weizsäcker alipoliambia Bunge kwamba siku ile ya kushindwa ilikuwa siku ya kukombolewa. Leo twaona neno hilo jepesi. Siku ile walikuwapo wazee waliokasirika sana.

Na vichekesho? Ajabu ni kwamba vilivyo vikubwa vilitoka kwa wageni. Charlie Chaplin alitoa sinema yake ya kumchezea Hitler mwaka 1940. Ujerumani ya Magharibi haikuionyesha mpaka 1958. Chaplin mwenyewe aliandika miaka mingi baadaye kwamba kama angalijua ukweli wa kambi zile, asingaliweza kuitengeneza. Mel Brooks, Myahudi wa Marekani aliyekuwa askari katika vita hiyo, alifikiri vingine. Yeye aliona kwamba ukibishana na dikteta huwezi kushinda, kwa maana yeye ni hodari wa kusema. Mfanye kichekesho, hadhi yake yote itaanguka. Mchezo wake wa The Producers, wenye wacheza dansi waliovaa kama Wanazi, ulifika Berlin mwaka 2009 katika ukumbi wa Admiralspalast. Mbele ya jengo zilitundikwa bendera nyekundu, na mahali pa swastika palichorwa mkate wao uliosokotwa uitwao pretzel. Watu waliingia wakacheka, ingawa yasemekana wengine walitazama kwanza kama jirani anacheka.

Kisha Wajerumani wenyewe wakaanza. Mwaka 2012 Timur Vermes alitoa riwaya ambayo ndani yake Hitler anaamka Berlin ya siku hizi, watu wanamdhania mchekeshaji, wanampa kipindi katika televisheni. Kitabu kiliuzwa kwa euro 19.33, mkumbuke mwaka 1933, na nakala zilizonunuliwa zikapita milioni. Wengine walikisifu, wengine walikilaumu kwamba msomaji anamzoea mhusika mpaka anampenda. Naona lawama hiyo ndiyo sifa ya kitabu. Msomaji hucheka kurasa nyingi, kisha anashituka kuona kwamba amekuwa akicheka pamoja na Hitler, siyo kumcheka.

Hapa ninalo la kwetu. Nilipokuwa Hamburg, mtu akisikia natoka Uganda alitabasamu akasema: Idi Amin! Kisha alisimulia nishani zake, cheo alichojipa cha Mshindi wa Dola ya Waingereza, na picha ya Wazungu waliombeba kitini. Katika Uingereza gazeti la Punch lilichapa taarifa za kuchekesha zilizoandikwa kana kwamba ni za Amin, kwa Kiingereza kibovu, na mwaka 1974 zikakusanywa kitabu. Mimi nilikuwa mtoto wakati wa Amin. Najua gari lililosimama usiku maana yake nini. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na mwaka huo huo Byron Kawadwa, mkuu wa Jumba la Michezo la Taifa, akauawa baada ya kuonyesha mchezo wake katika sherehe za sanaa za Lagos. Makadirio ya waliokufa katika miaka ile minane hufika 300,000. Na mwezi wa Septemba 1972 Amin huyo huyo alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa simu ya maandishi ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Huko mbali watu walisema: mwendawazimu huyo, na wakacheka tena.

Siku moja nilimwuliza mwanafunzi mwenzangu Mjerumani aliyekuwa akisimulia habari za Amin: mbona kichekesho cha Hitler husimulii hivyo? Alifikiri kidogo, akajibu kwamba kwa Amin hakujua jina la mtu hata mmoja aliyekufa. Lilikuwa jibu la kweli, nalo lilinisaidia kuliko mihadhara mingi. Maana ndivyo tulivyokuwa sisi bwenini kwa Hitler wetu.

Msidhani kwamba leo Wajerumani wote wana nia moja. Mwezi wa Juni 2018 Alexander Gauland, kiongozi wa chama cha AfD wakati huo, aliilinganisha miaka ya Hitler na kinyesi cha ndege juu ya historia yao ya miaka elfu. Alilaumiwa sana, lakini wako waliompigia makofi. Vijana nao wana yao. Katikati ya Berlin pana mnara wa kumbukumbu wa mawe 2,711, uliofunguliwa 2005, na watalii hurukaruka juu ya mawe hayo wakijipiga picha za furaha. Mwaka 2017 msanii Myahudi akaaye Berlin, Shahak Shapira, alichukua picha 12 za namna hiyo zilizokuwa zimetangazwa na wenyewe, akaondoa mawe, akaweka nyuma yao maiti za kambini. Hakusema neno kali. Wenyewe waliandika kuomba picha zao ziondolewe, naye akaziondoa. Na kwa upande wetu wa Afrika kumbukumbu yao ilichelewa sana. Wengi niliosoma nao hawakupata kusikia neno Maji Maji, vita ya 1905 hadi 1907 iliyoua watu wasiohesabika upande wa kusini wa Tanganyika. Rais Steinmeier alifika Songea kuomba radhi tarehe 1 Novemba 2023.

Nimemweka nyuma mtu mmoja, kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza kujifunza Kijerumani. Katika madarasa ya lugha hiyo mwalimu hupenda kuleta katuni ziitwazo Baba na Mwana: baba mnene mwenye upara na masharubu makubwa, na mtoto wake mwenye nywele zilizosimama. Hazina maneno, kwa hiyo mwanafunzi hutunga maneno mwenyewe. Zilitoka katika gazeti moja la Berlin kuanzia 1934 hadi 1937, na nchi nzima ilizipenda. Mchoraji alijiita e. o. plauen. Jina lake la kweli lilikuwa Erich Ohser, naye alilificha kwa sababu kabla ya 1933 alikuwa amewachora Hitler na Goebbels kwa dhihaka, na kwa hiyo alikatazwa kufanya kazi.

Mabomu yalipobomoa makao yao Berlin, Ohser na rafiki yake, mwandishi Erich Knauf, walihamia nje kidogo ya mji. Ohser alikuwa mzito wa kusikia, na mzito wa kusikia husema kwa sauti. Katika nyumba hiyo alikaa jirani mmoja ambaye alisikiliza vichekesho vyao juu ya wakubwa, akaandika kila neno na tarehe yake, akapeleka karatasi zake kwa polisi. Walikamatwa mwezi wa Machi 1944. Kesi ilipangwa kusikilizwa tarehe 6 Aprili mbele ya hakimu Roland Freisler. Usiku wa kuamkia siku hiyo Ohser alijiua chumbani mwake gerezani, akiwa ameandika barua ya kujaribu kumwokoa mwenzake. Haikusaidia. Knauf alikatwa kichwa tarehe 2 Mei 1944, na mjane wake akaletewa hati ya madai ya zaidi ya mark 500: gharama za kesi, za kifungo, za mwuaji, na za stempu iliyobandikwa juu ya bahasha.